Kanyagio la Kushoto

Tweve alidhani ni meza za kupigia pasi.
"Zilikuja na mabegi ya shule, mzigo wa Tunduma,"
akasema, akivuta turubai,
"ila sijui ni nani aliyefunga nyuzi kwenye meza."

Yalikuwa mawili. Mwezi wa saba, Mwanjelwa,
vumbi na baridi vikigombania pua za watu,
nami nimefunga cherehani mapema,
laki tatu na themanini ndani ya soksi:
malipo ya sare za kwaya ya Uyole,
kola arobaini na mbili, nyeupe,
nilizoshona nikisikiliza redioni
ile sauti isiyokanyaga ardhi,
inayotoka noti hadi noti
kama ukungu unavyoshuka Loleza:
huoni hatua, unaona tu umefika.

Miaka kumi na mmoja sikujua jina la chombo.
Nilidhani ni mtu analia kwa adabu.

La kwanza lilikuwa pana, jeusi, linang'aa,
shingo mbili, nyuzi ishirini,
makanyagio manane yamejipanga kama meno ya punda.
Mdogo wangu Ambwene akapiga mluzi.
"Dada, beba hili. Likikushinda tutaliuza."
Nikaliinua upande mmoja tu,
nyonga ikanitajia umri wangu.
Nikakiwaza kile kilima cha Mabatini wakati wa masika,
tope, na mimi, na gitaa lenye uzito wa ndama.

La pili ni mbao,
rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Nyuzi kumi, mbili zimekatika.
Makanyagio matatu. Vyuma vinne vya magoti,
kimoja kimefungwa kwa waya wa uzio.

Nikavua viatu.
Watu wakacheka; wacheke.
Cherehani hainunuliwi kwa macho.
Mama, akininunulia ya kwanza kule Tukuyu,
alinifumba macho kwa kiganja chake, akasema:
kanyaga, usikie kama inanung'unika.

Nikakalia ndoo ya rangi.
La kulia, gumu.
La kati, linalegea.
La kushoto lilikuwa limelika pembeni,
kibonde kidogo chini ya kidole gumba;
mtu fulani, sijui wa nchi gani,
alikanyaga hapa miaka na miaka
akipindisha mguu kidogo kwa nje,
kama mimi.
Unyayo wangu uliingia bila kupiga hodi.

Kile chuma cha mkononi hakikuwepo.
Fundi baiskeli wa jirani akaniazima soketi ya spana,
bado ina grisi.
Nikaitelezesha juu ya nyuzi, nikakanyaga.
Hakuna spika, hakuna umeme,
sauti nyembamba kama mbu ndani ya chandarua,
lakini ikapanda. Jamani, ikapanda!
Nikaachia.
Haikurudi yote.
Uzi wa tano ulibaki juu kidogo,
kama mgeni aliyekwisha kuaga
na bado ameshika kitasa anaongea.

"Bovu," akasema Ambwene.
"Bovu kabisa," nikakubali, kwa nguvu, Tweve asikie.
Laki nne ikawa tatu na nusu,
ikawa tatu, nikavaa kiatu kimoja,
ikawa mbili na themanini nilipovaa cha pili.
Turubai akanipa bure.
Soketi nimeirudisha. Karibu niisahau makusudi.

Usiku nimeliweka juu ya blanketi
ili miguu yake isikwaruze saruji.
Sijui hata kulipatanisha; baridi nayo
inazivuta nyuzi kila nikigeuka.
Nimetumia chupa ndogo ya dawa ya kikohozi,
nikapanda, nikashuka, nikakwama palepale.

Mama Sekela akagonga ukuta.
"Jirani, mmefiwa?"
"Hapana, mama. Nimenunua gitaa."
Akanyamaza. Nikasikia kitanda chake kikilia.
Halafu: "Hebu rudia pale lilipokataa kushuka."

Kesho nitalitia mafuta ya cherehani.
Au nitaliacha.
Kuna suruali tatu za mgambo hazijakatwa,
na mguu wangu wa kushoto, tangu jioni,
unakanyaga sakafu wenyewe.